Wageni kutoka kwenye utafutaji wamepungua ghafla: je, tovuti imeadhibiwa au imepangwa upya?

Mfugaji Mwandishi (muulizaji)

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu. Mimi na mwenzangu tunaendesha tovuti ya Kiswahili kuhusu ufugaji wa kuku wa kienyeji: ratiba za chanjo, ujenzi wa mabanda, uchanganyaji wa chakula na bei za masoko. Wasomaji wetu wengi hutufikia kupitia mitambo ya utafutaji, na mapato ya matangazo ndiyo yanayolipia seva pamoja na posho ya daktari wa mifugo anayehakiki makala zetu. Hivi karibuni idadi ya wageni imeshuka sana, ilhali hatukubadili chochote wala hatukupokea onyo lolote.

Mwenzangu anaamini kwamba tumeadhibiwa. Anapendekeza tufute makala zote za zamani, kisha tujaze pengo kwa makala nyingi zilizotafsiriwa na mashine kutoka Kiingereza. Mimi nasita, kwa kuwa baadhi ya makala hizo za zamani bado zinaletewa maswali na wafugaji kila wiki. Naomba wenye uzoefu watueleze: adhabu na mabadiliko ya kawaida ya upangaji hutofautishwaje, na je, kufuta makala kunasaidia?

Fundi wa Tovuti

Ndugu yangu, kabla hamjafuta hata ukurasa mmoja, tenganisheni mambo mawili ambayo wengi huyachanganya. Adhabu kwa maana yake halisi ni uamuzi wa binadamu: mhakiki wa Google anaikagua tovuti, anaona imekiuka sera, na taarifa ya uamuzi huo huwekwa ndani ya Search Console (huduma ya Google inayomwonyesha mwenye tovuti jinsi tovuti yake inavyofanya katika utafutaji) pamoja na sababu yake. Mwenye tovuti akisharekebisha kasoro, anaweza kuomba ihakikiwe upya. Kama sehemu hiyo ya Search Console haina taarifa yoyote, basi hakuna aliyewahukumu, na kinachobaki ni kanuni za upangaji zenyewe, ambazo hazimwandikii mtu barua.

Zamani ilikuwa rahisi kidogo kujua mshale umelenga wapi. Sasisho (yaani badiliko la kanuni za upangaji) la Panda la Februari 2011, ambalo Google ilisema liligusa takriban asilimia 12 ya utafutaji nchini Marekani, lililenga tovuti zenye maandishi mepesi au yaliyonakiliwa; lile la Penguin la Aprili 2012 lililenga waliokuwa wakinunua viungo (linki) vya kuelekea kurasa zao au kuvitengeneza kwa hila. Siku hizi masasisho makuu hutolewa mara kadhaa kwa mwaka, na kila moja hupima upya mambo mengi kwa pamoja, kiasi kwamba swali la "tumekosea nini?" mara nyingi halina jibu. Google yenyewe, katika maelezo yake ya Agosti 2019, ilitoa mfano wa mtu aliyeandika orodha ya filamu 100 bora mwaka 2015 na kuiandika upya mwaka 2019: filamu iliyoshuka haikuharibika, ila zimekuja nyingine na mpangaji ametazama upya. Mfano huo unawafaa wenye mtambo, sikatai, kwa sababu unawaondolea lawama yote. Hata hivyo unaeleza vizuri kwa nini tovuti isiyobadilika inaweza kushuka.

Sasa fanyeni hivi. Search Console hutunza takwimu za miezi 16, kwa hiyo mnaweza kulinganisha kipindi hiki na kipindi kama hiki cha mwaka jana, jambo la lazima katika ufugaji kwa sababu watu hutafuta habari za mdondo, ule ugonjwa wa kuku, kwa msimu. Kama kuna sasisho lililokuwa likiendelea, subirini angalau wiki nzima baada ya kukamilika kwake, kisha mlinganishe wiki hiyo na wiki iliyotangulia kuanza kwa sasisho. Tazameni mambo matatu kwa pamoja: ukurasa ulionekana mara ngapi, ulibofywa mara ngapi, na ulikuwa nafasi ya ngapi kwa wastani. Nafasi ikibaki ileile huku kuonekana kukipungua, watu wameacha kutafuta jambo hilo. Nafasi na kuonekana vikibaki vilevile huku mibofyo ikipungua, kilichobadilika ni sura ya ukurasa wa matokeo. Nafasi ikishuka kutoka ya 2 hadi ya 4, acheni kama ilivyo. Ikishuka kutoka ya 4 hadi ya 29, hapo pana jambo la kuchunguza.

Kuhusu kufuta, mwongozo wa Google unasema hilo liwe chaguo la mwisho, kwa makala ambazo haziwezi kuokolewa. Makala inayoletewa maswali na wafugaji kila wiki haimo katika kundi hilo.

Mama Mapishi

Nakubaliana na Fundi, lakini pendekezo la tafsiri za mashine limenishtua zaidi kuliko la kufuta. Sasisho lililoanza tarehe 5 Machi 2024 na kukamilika tarehe 19 Aprili lilikuja pamoja na sera mpya tatu, na mojawapo inahusu kurasa zinazozalishwa kwa wingi kwa lengo la kupanda katika matokeo badala ya kumsaidia msomaji. Miongoni mwa mifano iliyotajwa katika sera hiyo ni kuchukua maandishi ya wengine na kuyabadilisha kwa mashine, ikiwemo kuyatafsiri, bila kuongeza thamani yoyote. Yaani mwenzako anataka kuikimbia adhabu ambayo huenda haipo kwa kutenda jambo ambalo adhabu yake ipo na imeandikwa.

Jambo la pili ni majibu ya akili mnemba yanayowekwa juu kabisa ya matokeo, ambayo Google ilianza kuyatoa kwa watumiaji wote wa Marekani Mei 2024 kabla ya kuyapeleka nchi nyingine. Kwetu sisi wa mapishi, anayeuliza "wali wa nazi unahitaji maji kiasi gani" hupata jibu palepale na haingii kwa mtu. Anayetaka kujua kwa nini wali wake wa nazi unashika chini ya sufuria bado huingia, kwa sababu anataka maelezo marefu na picha. Chunguzeni kama na kwenu upungufu umeangukia maswali mafupi tu.

Naongeza kwamba wanablogu wengi wadogo wa Marekani na Uingereza walioporomoka baada ya sasisho la Septemba 2023, lile lililoitwa la maudhui yenye manufaa, walirekebisha karibu kila kitu bila kurudi walipokuwa. Nasema hivyo ili msije mkauza mbuzi kumlipa mtaalamu anayeahidi kuwarudisha nafasi ya kwanza, kwani hakuna anayeweza kutoa ahadi hiyo.

Wakili wa Mtandaoni

Hata haki ya kisheria ya kubaki katika nafasi fulani ni finyu. Mwaka 2003 mahakama ya shirikisho huko Oklahoma, katika kesi ya SearchKing, kampuni iliyoishtaki Google, iliamua kwamba alama ambazo Google huzipa kurasa ni maoni yanayolindwa na katiba ya Marekani. Ulaya imekwenda mbali zaidi, lakini kwa njia nyingine. Faini ya euro bilioni 2.42 ambayo Tume ya Ulaya iliitoza Google mwaka 2017, na ambayo mahakama ya juu ya Umoja huo iliithibitisha Septemba 2024, ilihusu Google kuipendelea huduma yake yenyewe ya kulinganisha bei. Haikumpa mwenye tovuti yeyote haki ya kuwa wa kwanza. Kinachomkaribia zaidi mtu wa kawaida ni kanuni iliyoanza kutumika huko Julai 2020, inayoitaka mitambo ya utafutaji ieleze vigezo vikuu inavyotumia katika kupanga. Vigezo hivyo vikuu husomeka kwa upana mno kumsaidia mfugaji, lakini kabla ya hapo mitambo hiyo haikulazimika hata kuvieleza.

Mfugaji Mwandishi

Nawashukuru nyote. Nimefuata maelekezo ya Fundi, na picha si moja. Sehemu ya adhabu katika Search Console haina kitu. Kurasa za maswali mafupi, kwa mfano kuku wa kienyeji hutaga mayai mangapi au yai huatamiwa siku ngapi, zimebaki katika nafasi zake na zinaonekana kama zamani, ila mibofyo imekauka, kama alivyobashiri Mama Mapishi. Kurasa za mabanda hazikuguswa. Ukurasa wa ratiba ya chanjo, uliokuwa ukituletea wasomaji wengi kuliko wowote, umeshuka sana, na waliopanda juu yake ni taasisi za utafiti na idara za mifugo. Mwenzangu amekubali kuachana na tafsiri, lakini kuhusu kufuta bado tunabishana.

Fundi wa Tovuti

Basi mna matatizo mawili, na dawa zake ni mbili. Kurasa fupi hazina wa kumlaumu. Ziunganisheni katika makala moja ndefu ya utagaji na uatamiaji, na anwani za zamani zielekezeni kwenye ile mpya, ili anayefuata kiungo cha zamani asikute ukurasa mtupu. Hilo huenda likamridhisha mwenzako, kwa kuwa kurasa zitapungua bila kitu kupotea.

Ukurasa wa chanjo ndio wa kufanyia kazi. Umesema mnaye daktari wa mifugo anayehakiki. Je, msomaji anamwona? Wekeni jina lake kwa idhini yake, elimu yake, na tarehe ya uhakiki wa mwisho. Taasisi zitaandika kwamba chanjo ya mdondo ya I-2 hurudiwa kila baada ya miezi mitatu kwa tone la jicho, lakini huenda zisimweleze mfugaji afanye nini kichupa kinapokuwa na dozi nyingi kuliko kuku wake, wala namna ya kupatana na majirani wachanje siku moja. Wafugaji wanaowaletea maswali kila wiki wamekwisha kuwaandikia vichwa vya habari vya ukurasa huo.

Matokeo yanaweza kuonekana ndani ya siku chache au yakachukua miezi, na pengine mpaka sasisho kuu jingine lipite. Andikeni mahali tarehe ya kila rekebisho, ili wakati huo mjue mnalinganisha nini na nini.