Eti msumeno wangu "unapumua"! Yule fundi mnamjua, leo kanifikisha

Wakuu salaam, au tuziache tu hizo salaam maana nina hasira hapa hata kibodi inaniogopa.

Yule fundi. Simtaji jina, hakuna mwenye msumeno wa cheni ambaye hajalizwa naye, yule mwenye bisibisi moja ya kazi zote, anafungulia kabureta, anachokonolea meno, akipata nafasi anakorogea chai. Nimempelekea mashine yangu ya zamani, chuma chenyewe sio haya maplastiki ya siku hizi, nikamwambia kwa mdomo wangu, fundi, sili za krenki, yale mapete ya mpira yanayozuia hewa kuingia kwenye injini, zimekwisha zote mbili, ya upande wa flaiwili na ya upande wa klachi, ukishapasua injini toa weka mpya. Na hizo mpya nilinunua mwenyewe nikamkabidhi mkononi. MKONONI wakuu.

Naenda kuchukua, anavuta kamba, inawaka, halafu inapanda resi yenyewe kama imepandisha mashetani. Hajagusa hata akselereta. Kutulia hakuna, cheni inazunguka tu inatafuta vidole vya watu. Nikamuuliza kwa upole kabisa, fundi mbona bado inavuta hewa? Akanitazama juu mpaka chini, akafutia mikono kwenye fulana, akasema "Injini inapumua hiyo. Hata wewe si unapumua?"

Inapumua!! Na wale vijana wake wakaangua kicheko, mmoja mpaka akakaa chini.

Kisha akaufungulia petroli kwenye kabureta, skrubu akazungusha mpaka mashine ikaanza kukohoa na kutoa moshi, resi zikashuka, akasema umeona imetulia. Haijatulia bwana, umeinywesha tu mpaka ikalewa! Hewa inaingia palepale.

Nimefika nyumbani nikafungua klachi. Sili ni ileile ya zamani! Kaizungushia silikoni nyeusi, imekauka na alama ya dole gumba lake, mistari yote inaonekana, polisi wangemkamata kwa hilo dole peke yake. Nikahamia upande wa flaiwili, huko kweli kaweka mpya, ila kaigeuza, springi inanitazama mimi huku nje badala ya kuangalia ndani kwenye krenki. Kaisukuma kavukavu, mdomo wa mpira umekatika kipande. Na pale inapokaa sili kuna mkwaruzo wa ile bisibisi yake, umetoka nje mpaka ndani umenyooka kama reli, hewa haina hata haja ya kupiga hodi.

Nimechungulia pistoni kwa tundu la ekzosi. Mistari. Sisemi zaidi, nitalia.

Na ile sili mpya ya pili iko wapi? Au nayo imetoka kidogo kupumua?

Sitaki ushauri. Nataka mtu aniambie kama huyu kiumbe anastahili kushika spana.

Kisiki Kikavu: Nimevuta kiti nakaa pale kwenye kona. "Hata wewe si unapumua", huyo fundi apewe ulinzi wa taifa jamani 😂😂

Gogo Bichi: Subiri kwanza mkuu. Umeona mashine inapanda resi yenyewe, ukaambiwa inapumua, ukalipa, ukabeba ukaondoka. Hapo aliyepigwa sindano ya usingizi ni nani?

Mwenye uzi: @Gogo Bichi sikulipa yote! Na ungekuwepo wewe ungesema nini? Mtu anakwambia hata wewe si unapumua, mbele za watu, vijana wanacheka. Nimjibu nini, nimwambie mimi sipumui??

Kisiki Kikavu: "Nimwambie mimi sipumui" 😂😂😂 mkuu usifute huu uzi nakuomba

Pletinamu: Huyo namfahamu vizuri sana. Mashine yangu mimi ni ya zile za kale zenye pletinamu, kile kidude cha kukatia umeme wa cheche, nyuma ya flaiwili, sili ya upande huo ikaanza kuvuja, oili ikawa inarukia pletinamu, moto unakatika kila baada ya gogo moja. Yeye akabadilisha plagi. Nikarudi, akabadilisha plagi. Nina plagi za kuanzisha duka.

Springi Ndani: Pole mkuu. Najua umesema hutaki ushauri ila ukifunga tena hivyohivyo utarudi hapa na uzi wa silinda. Tu-stroki, yaani injini kama hii yako, inapitisha mchanganyiko wake wote wa hewa, petroli na oili mle kwenye krenki, hewa ikipenya kwenye sili petroli inakuwa kidogo kuliko hewa, na petroli ndiyo inabeba oili, kwa hiyo joto linapanda wakati ulainisho umepungua. Ndo hiyo mistari. Kabla ya kurudisha kabureta ziba ekzosi na njia ya kuingizia kwa vipande vya mpira, ingiza hewa taratibu kwa pampu yenye geji ya presha, kama nusu ba hivi, paka maji ya sabuni kwenye sili zote mbili uone povu. Halafu fanya na kinyume chake, vuta hewa itoke, maana kuna sili inashika vizuri ukiisukuma kutoka ndani ila ukiivuta inaachia. Zungusha krenki polepole huku unatazama geji, usiache shafti imesimama sehemu moja.

Mwenye uzi: Nimesema sitaki ushauri. Ila huo mkwaruzo unazibika?

Springi Ndani: Msasa laini kwanza utoe ncha tu, usichimbe. Kisha gundi ya gasketi inayovumilia petroli, utandu mwembamba kwenye ukingo wa nje wa sili MPYA, isiguse mdomo. Silikoni ya kawaida petroli inailainisha tu. Funga shafti na selotepu pale penye kingo, paka oili, gonga kwa boksi spana yenye upana wa sili yenyewe ili iingie sawasawa pande zote.

Gogo Bichi: Kwa hiyo gundi inaruhusiwa? Kumbe fundi wa watu alibakiza hatua moja tu.

Mwenye uzi: HATUA MOJA?? Kapaka juu ya sili iliyokufa! Na dole! Na akaniambia hata mimi napumua! Wewe Gogo ni ndugu yake au ni mmoja wa wale waliokuwa wanacheka?

Gogo Bichi: Napumua tu mkuu.

Mzee wa Mchanganyo: Mnasumbuka na sili wakati tatizo liko kwenye galoni. Mashine ya zamani unaiwekea 50 kwa 1, mililita 20 za oili kwa lita ya petroli, unategemea nini? Ziliandikwa 25 kwa 1 hizo, mililita 40. Pistoni imekufa na kiu.

Pletinamu: Ziliandikwa hivyo kwa oili za wakati ule mzee. Oili za sasa sio zile. Ukimwaga 40 unatengeneza masizi, ekzosi inaziba, plagi inalowa.

Mzee wa Mchanganyo: Kwa hiyo walioiunda hawakujua, umejua wewe mwenye plagi za duka?

Pletinamu: Tusitukanane. Nimesema oili zimebadilika.

Mzee wa Mchanganyo: Wangu unatumia 25 tangu ununuliwe na haujafunguliwa hata nati.

Kisiki Kikavu: Haujafunguliwa kwa sababu hauwaki mzee, uko juu ya kabati.

Springi Ndani: Hata umimine oili tupu, hewa ikipenya itapenya. Na angalieni na moshi, sili ya upande wa klachi ikichoka inaweza kunyonya ile oili ya cheni ikaingia kwenye krenki, unaona moshi mzito unadhani mchanganyo umezidi, unapunguza oili, ndo unamalizia.

Mzee wa Mchanganyo: Sijaulizwa mimi habari za moshi.

Mama Kitambaa: Nyie wanaume mna bahati kwenu kimeharibika chuma. Mimi fundi cherehani nimempa kitambaa cha gauni la harusi ya mdogo wangu, kanirudishia gauni halifungi mgongoni, namuuliza anasema "dada umenenepa njiani". Njiani!

Kisiki Kikavu: Hahahaaa mafundi wote wamesoma chuo kimoja.

Pletinamu: Dada huyo kabakiza kitambaa. Nenda pale usiku uangalie foronya zake.

Mama Kitambaa: Si foronya, nimeona mtoto wake kavaa kaptula ya rangi ileile Jumapili, na mfuko ana. Gauni langu halina mfuko.

Gogo Bichi: Weka picha ya kaptula.

Mzee wa Mchanganyo: Wa kwangu alinishonea suruali zipu ikawa nyuma. Akasema ndo fasheni.

Mama Kitambaa: Na ulivaa?

Mzee wa Mchanganyo: Msibani, nilikaa mwanzo mpaka mwisho.