Je, alama za Jiahu ni maandishi?

Mwalimu wa Historia, Kisumu
Ndugu wanajukwaa, wanafunzi wangu wameniuliza swali ambalo ningependa tulijadili kwa makini. Huko Jiahu, mkoani Henan nchini China, wanaakiolojia walifukua makaburini magamba ya kobe yaliyochanjwa alama zaidi ya miaka 8,000 iliyopita, na mojawapo inafanana na herufi ya Kichina ya jicho. Je, yatosha kusema kwamba maandishi ya Kichina yalianzia hapo?

Msomaji, Nakuru
Mwalimu, kwa maoni yangu haitoshi. Kufanana kwa sura si ushahidi wa ukoo, hasa pengo linapozidi miaka 5,000. Maandishi ya Kichina ya kale zaidi yasiyobishaniwa ni yale yaliyofukuliwa Anyang, mji ulio pia mkoani Henan, ya mnamo 1200 KK, enzi za mfalme Wu Ding wa nasaba ya Shang. Waaguzi walitia moto mifupa ya bega ya ng'ombe na magamba ya kobe, wakatazama nyufa zilizotokea, kisha wakachonga hapohapo siku, jina la mwaguzi na jambo lililoulizwa, liwe mvua, vita au hata jino la mfalme linalouma. Hizo ni sentensi, nazo zinasomeka. Alama za Jiahu zimekaa mojamoja, bila mfuatano wowote wa kuonyesha lugha. Vivyo hivyo zile za vyungu vya Banpo, kijiji cha kale nchini China, ambazo huenda zilimtambulisha mfinyanzi au mwenye chungu.

Mkazi wa Busia
Nakubaliana nawe kuhusu Jiahu. Hapa kwetu tuna michoro ya mwambani ya Kakapel, iliyochorwa tabaka juu ya tabaka na jamii mbalimbali. Bila shaka ilikuwa na maana kwa walioichora, lakini maana peke yake haiifanyi kuwa maandishi. Hata hivyo, Anyang si mwanzo. Mifupa ile ina herufi tofauti zipatazo 4,000 au zaidi, na mfumo mpana kiasi hicho haukuzuka kwa usiku mmoja. Tena miongoni mwake imo herufi inayochora vijiti vya mianzi vilivyofungwa kwa kamba, yaani kitabu cha wakati huo. Kwa hiyo waliandika pia juu ya mianzi, nayo huoza upesi ardhini. Mwalimu, waelekeze wanafunzi wako kwenye pengo hilo la kabla ya Anyang, wakianzia na alama zilizochongwa kwenye mitungi mikubwa ya Dawenkou, mashariki mwa China.