Jahazi Bado Liko Kilwa

Kikundi: Nyumba ya Babu, Nungwi

Ijumaa, 3 Mei 2024

Salum (saa 1:10 asubuhi): Asalaam aleikum nyote. Tumetia nanga Kilwa Masoko tangu jana usiku. Nahodha kasema hatutoki. Redioni wanasema kimbunga kiko mashariki ya Mtwara na kinaelekea huku pwani.

Mama: Waaleikum salaam mwanangu. Kinaitwaje hicho kimbunga?

Salum: Hidaya.

Mama: Hidaya si zawadi? Yarabi tusitiri.

Zuhura: Baba Aisha, harusi ya mdogo wangu Alhamisi. Utafika?

Salum: Sijui mama Aisha. Mwenye mali naye kampigia nahodha simu mara tatu tangu alfajiri. Anataka gunia zake 180 za chumvi na nazi zifike Unguja Jumapili. Anasema bahari shwari, mmekaa mnangoja nini? Na kweli ni shwari, hata bendera haipepei. Mabaharia wawili nao wanaona twende.

Mama: Ami Nahodha yuko wapi? Aseme yeye.

Salum: Shikamoo ami.

Ami Nahodha (saa 2:05): Marahaba. Nilikuwa msikitini. Salum, msomee nahodha wako maneno yangu, ingawa naona hana haja nayo, yeye mwenyewe ni mtu wa bahari.

Shwari hiyo msiitegemee. Kutoka Kilwa mpaka Mafia ni mchana kutwa hata kwa kusi nzuri. Bila upepo mtalala njiani, na hapo katikati pa kujibanza ni Songosongo, ambako matumbawe yamezunguka kila upande. Usiku na mvua huwezi kuuona mlango.

Jambo la pili, kimbunga si kusi hii tuliyoizoea. Upepo wake unazunguka. Kikipita kaskazini yenu mtaanza kupigwa na kusi, kisha utageuka matlai, upepo wa mashariki, mwisho utawajia kutoka kaskazini. Nanga iliyoshika vizuri kwa kusi, matlai ikiingia inang'oka. Tieni mbili, mbalimbali, amari zake, yaani kamba za nanga, ziwe ndefu, na kamba ya tatu mkaifunge kwenye mikoko. Foromali, ule mti wa tanga, ishuke mpaka chini. Tanga livuliwe lote.

Mwezi leo 24, maji ni mafu, hayapandi sana. Hilo tumshukuru Mungu. Lingekuwa bamvua, bahari ingepanda mpaka majumbani mwa watu.

Nassor Muscat: Ami yuko sahihi. Huku mwaka 2007 kilipokuja kimbunga Gonu, siku moja kabla watu walikuwa ufukweni wanatembea. Na tulichokiogopa ni upepo, kumbe mabonde ndiyo yaliyojaa maji yakachukua magari na watu. Salum, ukishuka pwani usilale karibu na mto.

Salum (saa 6:30 mchana): Tumetia ya pili. Kamba tumeifunga kwenye mikoko upande wa bara. Foromali iko chini. Nahodha kazima simu yake.

Jumamosi, 4 Mei

Mama (saa 12:15 asubuhi): Salum, sikulala. Shuka upande basi uje Dar. Mzigo si wako.

Zuhura: Nami nilitaka kusema hivyo jana, nikaona haya mbele ya ami.

Salum: Nimemwuliza nahodha. Kasema anayetaka kushuka ashuke, hamkamati mtu. Lakini tuko saba, na ngama, tumbo la jahazi, inajaa haraka kwa mvua hii, tunafua maji kwa zamu wawili wawili. Nikishuka mimi, yule kijana wa Mikindani atafua peke yake. Nisameheni. Nabaki.

Mama: Haya.

Ami Nahodha: Bi mkubwa, mwache. Chombo kilichotiwa nanga kinataka watu kuliko kile kinachokwenda.

Shangazi Kilindoni (saa 3:40): Mafia huku upepo umeanza vibaya. Mnazi wa jirani umelala juu ya paa la jiko. Bati zinapiga kelele hata huwezi kumsikia mtu. Umeme umekatika, simu ina chaji kidogo. Tuombeeni.

Zuhura: Boti za Dar na Unguja pia zimesimamishwa. Bandarini Malindi, Unguja, watu wamekaa na mizigo yao.

Salum (saa 9:20 alasiri): Upepo umegeuka. Ni matlai sasa, kama ulivyosema ami. Nanga ya kwanza imeburura kidogo, ya pili imeshika. Mashua moja jirani yetu imekatika kamba ikaenda kwenye mikoko, watu wake wazima. Mtandao naupata tu nikisimama omo, mbele ya jahazi. Narudi kufua.

Mama: Usisimame omo!! Usiandike. Tutangoja.

Nassor Muscat: Shangazi?

Nassor Muscat: Shangazi uko salama?

Ami Nahodha (saa 3:10 usiku): Wanasema kimeingia Mafia na nguvu zimepungua. Kikifika nchi kavu hukosa maji ya moto yanayokilisha. Tulieni. Mwaka 1872 kilichopiga Unguja kiliangusha minazi na mikarafuu kisiwa kizima, na merikebu za Seyyid Barghash zikazama pale bandarini. Pemba ilisalimika, ndiyo karafuu ikawa ya Pemba mpaka leo. Lindi nao walipata chao 1952, nilikuwa mtoto, mabaharia walikuja kutuhadithia hapa hapa Nungwi. Haviji mara nyingi kwetu, basi watu husahau.

Jumapili, 5 Mei

Shangazi Kilindoni (saa 1:00 asubuhi): Tuko hai wote. Nimechajia kwa jirani mwenye sola. Jiko halipo. Nyumba ipo.

Mama: Alhamdulillah. Alhamdulillah. Na Salum?

Salum (saa 2:45): Wazima sote saba. Usiku ulitupiga wa kaskazini, mvua haikukatika hata dakika. Gunia za chini zimelowa, tumehesabu 31 zimekwisha kabisa, chumvi imekuwa maji ndani ya ngama. Tanga tulilikunja vibaya, limechanika ubavuni. Tunalishona kwa kiraka cha turubai la buluu, ndicho kilichokuwapo.

Na lile basi, mama: barabara ya Dar imekatika Somanga. Maji yamechukua daraja. Ningeshuka jana ningekuwa nimekwama njiani.

Mama: Sikujua mwanangu.

Zuhura: Mnakula nini?

Salum: Unga uliisha jana. Bibi mmoja wa hapa Masoko ametuletea sinia la mihogo na samaki, naye nyumba yake imeingia maji. Hakutaka hata jina letu. Tumempa nazi 20.

Zuhura: Mungu amlipe.

Salum: Leo kumekuwa kweupe, naiona Husuni Kubwa, lile gofu la kale, pale ng'ambo juu ya jabali. Nimeipita mara ngapi sijui, sikuwahi kuitazama.

Ami Nahodha: Yule msafiri Ibn Battuta alifika hapo 1331 akamkuta sultani wake. Bandari hiyo ina kina na kisiwa kimeikinga na bahari kuu. Waliokuja kutoka Arabuni na Bara Hindi walisimama hapo wakangoja pepo zigeuke, miezi siyo siku. Wewe una siku tatu.

Jumatatu, 6 Mei

Nassor Muscat: Mbona bado hamjatoka? Kimbunga si kimekwisha?

Salum: Upepo umekwisha, mawimbi bado. Nahodha kapanda jabalini asubuhi, akarudi akasema nje kunavunja kweupe. Pia mito imetoa magogo, yanaelea mlangoni. Usiku huyaoni. Mwenye mali nimeongea naye mimi. Nilimweleza kuhusu gunia 31. Alinyamaza sana, kisha akauliza kama sisi tumepona.

Ami Nahodha: Kesho alfajiri na maji yakipwa. Yatawatoa.

Jumanne, 7 Mei

Salum (saa 11:20 alfajiri): Tunang'oa nanga. Nahodha atapitia Kilindoni kuchota maji. Zuhura, Alhamisi nitakuwepo inshallah, hata kama nitanuka ngama.

Zuhura: Kanzu yako nimeipiga pasi.

Mama: Fii amanillah.

Shangazi Kilindoni (saa 11:50 jioni): Niko ufukweni na watoto. Kuna tanga linakuja kutoka kusi.

Mama: Ni wao?

Shangazi Kilindoni: Ngoja lisogee.

Shangazi Kilindoni: Lina kiraka cha buluu.