Ushauri: Bustani ya Kijapani katika kiwanda (ua wa ndani ulio wazi juu) cha nyumba ya mawe, Lamu

Mwenye Kiwanda

Assalaam aleikum ndugu zangu na wazee wetu. Tunaitengeneza upya nyumba ya familia iliyoko mtaa wa Mkomani, nyumba ya mawe ya zamani yenye daka (baraza ya mlangoni), tekani (ukumbi wa kuingilia) na misana (kumbi ndefu zinazoelekea kiwanda), na kazi iliyobaki ni kiwanda. Kina urefu wa mita 5 na upana wa mita 4, na kuta zake zimepanda juu kiasi kwamba jua hukifikia sawasawa karibu na adhuhuri tu. Mama yetu hukaa msana wa chini kutwa, kwa kuwa magoti hayamruhusu tena kupanda ngazi hadi juu kunakoonekana bahari, nami nataka apate kitu cha kutazama.

Nimezipenda sana bustani za Kijapani, zile zenye mawe machache na changarawe iliyochorwa mistari, kwa sababu utulivu wake naona unaelekeana na nyumba zetu kuliko maua na nyasi za hotelini. Naomba mnisaidie katika haya: je, mchanga mweupe wa vilima vya Shela, hapa kisiwani, utafaa kuchorwa? Kidimbwi cha samaki kitawezekana? Ni mimea gani itakayostahimili kivuli na chumvi? Fundi mmoja amenishauri pia nijenge daraja dogo jekundu na taa ya saruji, nami nasita.

Fundi Chokaa

Waaleikum salaam. Nianze na maji, kwa kuwa ndiyo yatakayokuharibia nyumba ukikosea. Kuta zetu ni za mawe ya matumbawe na chokaa, nazo hunyonya unyevu kutoka chini na kuupandisha pamoja na chumvi, mpaka lipu ianze kumomonyoka na zidaka (vishubaka vya ukutani) zivunjike kingo. Kidimbwi kilichoegemezwa ukutani katika kiwanda cha mita 4 ni kuukaribisha unyevu huo ndani, na ukijaribu kuuzuia kwa kupiga saruji chini ya ukuta utakuwa umeufungia humo humo, kwa sababu saruji hairuhusu ukuta upumue kama chokaa inavyofanya. Acha ukanda wa kokoto tupu kuzunguka kuta zote, upana wa dhiraa moja hivi, usiopandwa wala kumwagiliwa maji. Sakafu uiinamishe kidogo kuelekea kwenye tundu la kutolea maji, kwa kuwa mvua ya mwezi wa tano hapa kwetu haina mzaha, na mlizamu wa paa ukimwaga juu ya changarawe utachimba shimo kila masika.

Jambo jingine: nyumba ikiwa ndani ya Mji wa Kale, ulioingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, pita kwanza ofisi ya Makumbusho ya Kitaifa uwaeleze unachokusudia kabla ya kuvunja au kuchimba chochote.

Mpwani Ughaibuni

Ndugu yangu, unachokitafuta Wajapani wanacho tayari kwa jina lake. Katika nyumba za wafanyabiashara wa mji wa Kyoto, ambazo ni nyembamba kwa mbele na ndefu kuelekea nyuma, kuna viwanja vidogo vya ndani vinavyoitwa tsuboniwa, na kazi yake ni kuingiza hewa na mwanga katikati ya nyumba. Tsubo moja ni kama mita 3.3 za mraba, kwa hiyo kiwanda chako ni tsubo 6 hivi, nafasi inayotosha kabisa. Bustani hizo hazikuundwa kwa ajili ya kutembelewa bali kwa ajili ya kutazamwa na mtu aliyeketi chumbani, na hiyo ndiyo hali ya mama yako.

Kwa hiyo daraja jekundu liache. Daraja huwekwa penye maji au penye njia ya kupitwa, na kwako hakuna hata kimoja. Taa ya mawe nayo ilitoka mahekaluni ikaingia bustani za nyumba za kunywea chai ili kumulika njia ya wageni usiku, na kiwanda cha tsubo 6 chenye taa kubwa ya saruji hakitaonyesha kingine chochote isipokuwa hiyo taa.

Ukitaka mfano, tazama picha za hekalu la Ryōan-ji, Kyoto. Uwanja wake ni kama mita 25 kwa 10, una mawe 15 tu juu ya changarawe nyeupe, na yamepangwa hivi kwamba popote utakapoketi barazani kuna jiwe lisiloonekana. Hakuna bwawa, hakuna daraja, na ukuta wa udongo unaouzunguka uwanja ni sehemu ya mandhari yenyewe. Wewe una ukuta wa chokaa uliopakwa juzi, na naomba usiufunike kwa mimea inayotambaa.

Bint Shela

Kuhusu mchanga nasema kwa moyo mzito, kwa sababu nimeona watu wakiuchukua kwa magunia: tafadhali usiguse vilima vya Shela. Mvua hunyonywa na mchanga ule ikahifadhiwa chini yake, na ndiyo maji matamu ambayo mji wa Lamu umeyategemea. Kilima kikipungua, maji ya chumvi husogea.

Hata kama usingekuwa na kizuizi hicho, mchanga huo haukufai. Punje zake ni laini na za mviringo, hazishiki mstari, na upepo wa kaskazi ukiingia kiwandani utazisambaza hadi msanani. Tena mji huu una paka kila kichochoro, na paka akiona mchanga laini anajua la kufanya. Tumia kokoto ndogo zenye pembe, za milimita chache. Wachimbaji wa Maweni, kisiwani Manda, huchonga mawe ya kujengea na kuponda kokoto kwa nyundo. Waombe wakuchekechee zile ndogo, kisha uzioshe mpaka maji yatoke safi, la sivyo vumbi lake litaganda kama lipu mvua ya kwanza ikinyesha. Kokoto hizo ni nyeupe, na katika kiwanda chenye kivuli zitaurudisha mwanga ndani ya msana.

Mtunza Miche, Malindi

Nitajibu la mimea. Ule uoto laini wa kijani unaofunika ardhi katika bustani za Kyoto usijihangaishe nao, kwa sababu unataka unyevu wa mwaka mzima, na joto letu la mwezi wa pili litaukausha. Mahali pake weka kangaga katika matundu ya mawe, upande wenye kivuli kingi.

Msonobari wa Kijapani nao hautakubali, lakini mvinje utakubali. Majani yake yanafanana na sindano za msonobari na haujali chumvi. Usiupande ardhini hata kidogo, kwa kuwa hurefuka kupita nyumba yako na mizizi yake haiheshimu msingi. Uweke katika chungu kipana, pale jua la adhuhuri linapogusa, na uukate matawi mara kwa mara ili ubaki mfupi na wenye umbo. Mianzi ichague ile inayoota kwa kichaka kimoja, si ile inayotembea chini kwa chini.

Kama utapanda mmea mmoja tu, basi uwe mtapo, ule unaofanana na mtende mfupi. Huu ni wa kwetu Pwani, na ndugu zake wamo katika bustani za Japani tangu zamani. Pale ngome ya Nijō huko Kyoto huifunga mitapo yao kwa majani makavu kila majira ya baridi ili isife, kazi ambayo sisi tumesamehewa. Nunua mche uliooteshwa kitaluni na uulizie karatasi zake, kwa kuwa jamii hii inalindwa na mkataba wa kimataifa wa CITES na kuing'oa msituni ni kosa. Majani yake huchoma na mbegu zake zina sumu, kwa hiyo uwekwe mbali na mahali wajukuu wanapochezea.

Mwenye Kiwanda

Allah awalipe kheri. Daraja na taa nimeviacha, na mchanga wa Shela sitaugusa. Yamebaki mambo mawili. Mama alipozisikia habari za kidimbwi alifurahi, na sipendi kumnyima maji kabisa. Na mawe makubwa yatafikaje Mkomani, penye vichochoro ambavyo punda wawili hawapishani?

Fundi Chokaa

Maji mpe kwa njia ya birika. Wazee wetu waliweka samaki wadogo katika birika la choo (tangi la maji la kujengea) ili wawale viluwiluwi vya mbu, na chini yake wakazamisha bakuli la kaure ili maji yakipungua samaki wapate pa kubaki. Chonga jiwe moja liwe na bakuli la kina cha kiganja na nusu, liweke mbali na kuta, tia samaki wawili watatu na ulijaze kwa maji ya mvua. Wajapani nao, nasikia, wana jiwe la namna hiyo la kunawia mikono.

Mpwani Ughaibuni

Wanalo, fundi, huitwa tsukubai, na huwekwa chini ili mgeni anayekwenda kunywa chai ainame kunawa. Kwa hiyo halitakuwa geni katika bustani hiyo.

Kuhusu mawe, yasiwe makubwa. Jiwe linalobebwa na watu wawili kwa mti, au na punda mmoja, linatosha kwa mita 4. Chukua matano ya machimboni yaliyopigwa na mvua, yenye rangi ya kijivu, wala si ya baharini. Kabla ya kuyazika tumia makapu yaliyogeuzwa kama mawe, mkalishe mama mahali pake pa kawaida, nawe uyasogeze huku yeye akikuelekeza, kwa sababu ukiyapanga ukiwa umesimama mlangoni utapata mpangilio wa mtu aliyesimama. Yawe kundi la matatu na la mawili, yasiwe katikati wala kwenye mstari. Ukiridhika chimba, na kila jiwe lifukie theluthi yake au zaidi, ili lionekane limeota hapo. Kokoto zimwagwe mwisho, unene wa sentimita 5 hadi 8, juu ya kitambaa kinachopitisha maji ili magugu yasitokeze.

Reki ya dukani ina meno membamba mno kwa kuchora mistari. Mwambie seremala akukatie ubao wa futi moja na nusu wenye meno manene ya pembetatu, mpini wake uwe mrefu wa kukuwezesha kuchora hadi ukutani bila kukanyaga ulichokwisha kuchora, nawe uanze upande wa mbali urudi nyuma kuelekea msanani.