Wiki ya filamu kwenye ukumbi wa video, Arua: naomba ushauri wa turubai, DCP, VJ na ratiba

Mpenda_Sinema_Arua
Habari zenu wakubwa. Tunaandaa wiki ya filamu kwenye ukumbi wa video hapa Arua, Jumatatu hadi Jumapili, filamu mbili kwa siku: moja ya watoto, moja ya watu wazima. Nyingi ni za Uganda. Ukumbi unaingiza watu 150, kuta za saruji, paa la mabati, safu ya mwisho iko mita 14 kutoka mbele. Tuna projekta ya lumeni 3,500, spika mbili za inchi 12 zenye amplifaya ndani, miksa ndogo na laptopu. Watengenezaji wawili wa filamu wanataka kutuletea DCP, yaani filamu kwenye diski kwa muundo wa majumba ya sinema. Turubai liwe na ukubwa gani? DCP itacheza kwenye laptopu? Na tutumie VJ, yaani mtu anayetafsiri na kusimulia filamu papo hapo kwa kipaza sauti, au maandishi ya tafsiri? Tunafikiria Septemba.

Fundi_Projekta
Ndugu, chukua turubai la mita 4 kwa 2.25. Safu ya mwisho isizidi mara sita ya kimo cha picha, na 2.25 mara sita ni 13.5, kwa hiyo mita zako 14 zinazidi kidogo tu. Ukibaki na la mita 3, wa nyuma hawatasoma maandishi.

Mwanga upo. Lumeni 3,500 gawa kwa mita za mraba 9, unapata lux 389, yaani mwanga unaofika kwenye turubai. Kiwango cha sinema ni kandela 48 kwa mita ya mraba (mwanga unaorudi kwa mtazamaji), ambayo kwenye turubai jeupe la kawaida ni kama lux 150. Hata taa ikichoka ikabaki nusu, bado uko juu. Adui wako ni jua la mchana kwenye filamu ya watoto. Watu huziba madirisha wakasahau ule mwanya kati ya ukuta na mabati, na mwanga wa hapo unapiga turubai moja kwa moja. Ziba kwa kitambaa cheusi cha tabaka mbili.

Angalia uwiano wa lenzi kwenye kitabu cha projekta, yaani umbali wa projekta gawa kwa upana wa picha. Ikiwa ni 1.5, projekta ikae mita 6 kutoka turubai. Ining'inize kwenye boriti, inyooke. Usitegemee kunyoosha picha kwa menyu kwa sababu unapoteza mwanga na ukali. Waya wa HDMI ukizidi mita 10 hivi picha huanza kukatika, kwa hiyo nunua vile visanduku vinavyopitisha HDMI kwenye waya wa mtandao wa Cat6.

UPS (betri ya akiba) iwe ya projekta na laptopu tu, usichomeke spika humo. Projekta ya taa ikizimika ghafla feni nayo inasimama, joto linabaki ndani na taa inakufa mapema. UPS inakupa muda wa kuwasha jenereta. Jenereta ya kVA 2.5 inatosha vyote. Iweke nje, mbali, upande ambao upepo hauleti moshi ukumbini.

SautiKwanza
Mwenzangu kaeleza picha vizuri, lakini mimi ningeanza na sauti. Mtu atavumilia picha iliyofifia. Asiposikia wanasema nini, anatoka.

Saruji na mabati vinarudisha mwangwi mpaka maneno yanapandana. Tundika mablanketi mazito au mikeka minene ukuta wa nyuma wote, ukiacha nafasi ya kiganja kati yake na ukuta, halafu kuta za pembeni kuanzia kimo cha kiuno kwenda juu. Spika ziwe pembeni mwa turubai, zipite vichwa vya waliokaa, ziinamishwe kidogo kuelekea katikati ya watu. Usizielekeze kwenye mabati. Kwenye miksa kata besi chini ya 80 Hz, punguza kidogo kati ya 200 na 400 Hz. Ukumbi wa namna hiyo ukiongeza besi umeua mazungumzo.

Sasa kosa ambalo huharibu filamu nyingi nzuri: faili la sauti ya 5.1, yaani ya chaneli sita. Mazungumzo karibu yote yako kwenye chaneli ya katikati. Laptopu ikitoa kushoto na kulia tu bila kuchanganya, muziki unanguruma na midomo inacheza bila maneno. Mwombe mtengenezaji akupe sauti ya stereo tangu mwanzo.

Ukisikia mvumo unaonyamaza ukichomoa chaja ya laptopu, tatizo ni athi ya umeme. Weka DI, kisanduku kidogo cha kuunganishia sauti, kati ya laptopu na miksa, bonyeza kile kitufe chake cha kuinua athi. Usikate kamwe mguu wa athi kwenye plagi. Hapo unahatarisha mtu.

DCP inacheza kwa programu ya bure ya DCP-o-matic, ila inataka laptopu yenye nguvu, na diski mara nyingi ina mfumo wa Linux ambao Windows haiufungui yenyewe. Ikiwa DCP imefungwa kwa ufunguo wa kidijitali uitwao KDM, ufunguo huo hutengenezwa kwa mashine fulani na tarehe fulani, haufanyi kazi kwingine. Kwa ukumbi wako omba faili la kawaida la video, H.264 ya 1080p, megabiti 20 kwa sekunde. Filamu ya dakika 90 itakuwa kama GB 13.5, kwa hiyo flashi ifomatiwe kwa exFAT. FAT32 haipokei faili linalozidi GB 4.

Dada_Ratiba
Kaka, Septemba usiiguse. Huku kwetu West Nile mvua bado iko, na mvua ikipiga mabati hakuna spika itakayoshinda. Watoto nao wanaingia muhula wa tatu. Nenda Januari: kiangazi, na shule hufunguliwa Februari.

Halafu mpira. Januari, mechi za Uingereza za saa tisa alasiri kwao ni saa kumi na mbili jioni kwetu. Jumamosi kuna nyingine saa tisa na nusu alasiri na saa mbili na nusu usiku. Siku hiyo weka watoto saa nne asubuhi na ya watu wazima saa saba mchana, mpate kumaliza kabla ya mpira. Filamu yako yenye nguvu iweke Alhamisi au Ijumaa, baada ya swala ya Isha.

VJ anapendwa, na *Who Killed Captain Alex* ya Wakaliwood, studio ya filamu ya Kampala (2010), ina VJ Emmie ndani yake kabisa. Lakini VJ wa Kiluganda Arua atawaacha wengi nje. Tafuta wa Kilugbara au Kiswahili, aione filamu mara mbili kabla, na mtu akae kwenye miksa kushusha sauti ya filamu kila anaposema. Mtengenezaji akubali kwanza. Filamu tulivu zipe maandishi: mistari miwili tu, isizidi herufi 40 kila mmoja, faili la maandishi hayo (SRT) lihifadhiwe kwa UTF-8 ili herufi zisiharibike. Ukingo wa chini wa turubai uwe mita 1.3 au zaidi kutoka sakafuni, la sivyo vichwa vitayafunika.

Haki_za_Filamu
Pata ruhusa ya maandishi kwa kila filamu: jina, tarehe, idadi ya maonyesho, viti, kiingilio au bure. DVD ya dukani au akaunti ya kulipia mtandaoni ni ya kutazamia nyumbani, haikupi haki ya kuonyesha watu. *Queen of Katwe* (2016) ilipigwa Katwe lakini ni ya Disney. Ombi linaenda kwa msambazaji. Uainishaji wa filamu ni kazi ya Media Council (Baraza la Vyombo vya Habari), na leseni ya ukumbi ulizie UCC, Tume ya Mawasiliano ya Uganda. Anza miezi miwili kabla.

Mpenda_Sinema_Arua
Asanteni sana, tunahamia Januari. Tuna siku moja tu ya majaribio, Jumapili kabla ya kuanza. Tujaribu nini kwanza?

SautiKwanza
Chezesha kila faili kwenye laptopu ileile na waya uleule, ukirukia kila baada ya dakika 10 hadi mwisho. Faili lililokatika wakati wa kunakili huonekana zima dakika tano za mwanzo. Mtu mmoja akae safu ya mwisho asikilize maneno. Kisha zimeni umeme makusudi filamu ikicheza, mhesabu UPS inashika dakika ngapi na jenereta inawaka kwa muda gani.