Mnaofanyia biashara nyumbani, mchana mnafanyaje kazi zikaisha?

mama_manda, Tabata

Habarini za humu wapendwa. Naombeni mawazo maana nachoka. Mimi nauza sambusa za kugandisha na keki za oda, nafanyia hapahapa nyumbani, jiko langu ndo ofisi ndo stoo ndo kila kitu. Wateja wapo namshukuru Mungu, shida sio soko kabisa. Shida ni mchana, mchana wote unapita sijafanya cha maana. Watoto gari la shule linawachukua saa kumi na mbili asubuhi, hapo mtu unasema haya mpaka saa nane niko huru, subiri sasa uone: nikianza tu manda za kufungia sambusa, jirani huyo hodi anataka nimshikie mtoto anaenda kliniki mara moja (hiyo mara moja inaishia saa saba), wifi naye anapiga "we si upo nyumbani, nipokelee mzigo wangu kwa boda", mama mkwe ambaye yupo kwetu toka sikukuu anataka chai, na sio ile ya kwenye chupa, achemshiwe sasa hivi, huku simu inalia wateja wanauliza bei ambazo nimeweka status jana hiyohiyo. Yaani wote wanajua nauza sambusa, wamezila sana tu, ila hakuna anayeona kama ile ni kazi.

Mwisho wa siku kazi naifanya usiku. Saa tano mpaka saa nane nakunja sambusa huku nasinzia, asubuhi kuna keki ya mtu inatakiwa saa nne. Ratiba nimebandika kwenye friji, haikumaliza wiki.

Nyie wenzangu mnafanyaje? Na tafadhali asije mtu kuniambia niamke alfajiri, naamka tayari.

mzee_wa_frem

Dada tafuta frem. Nyumbani ni nyumbani, hutakuja kuheshimika hapo. Ukishakuwa na mlango wenye kufuli na bango, huyo wifi hatakupigia.

bi_keki_arusha

Frem ya nini tena jamani, akaanze kutoa kodi ya miezi sita kwa mkupuo hata unga hajanunua? Na wifi atakuja hukohuko frem, tena na watoto.

Mama manda mdogo wangu, mimi nadhani unaikamata shida yako pasipo pake. Watu hawataacha kupiga hodi, hapa ni uswahilini, siku wakiacha kupiga hodi ujue kuna jambo. Angalia ni kazi gani inaharibika ukisimama katikati na ipi haiharibiki, basi. We mwenyewe unajua manda, umeshapaka mafuta na unga umezipanga umesukuma, ziko kwenye chuma, zikishapata moto huku na huku unatakiwa uzibandue zikiwa bado za moto, ukisema ngoja nikafungue mlango ukirudi zimeshikana umepata chapati nene. Krimu ya keki hivyohivyo, keki iliyoko ndani ya oveni ndo kabisa. Lakini kukata vitunguu, kusafisha nyama, kukunja maboksi, kupaki kwenye mifuko, kuandika majina ya wateja, hizo hata jirani akija na mtoto unaendelea na umbea unapiga.

Sasa mimi naona wewe unaanza manda saa mbili, saa ambayo mtaa wote umeamka. Zile kazi za kuharibika zipe ule muda ambao kwako kumetulia kweli, kila nyumba ina wa kwake, kwangu ni pale wakishakula mchana, jua kali, kila mtu amelala mpaka kuku. Saa za hodi weka kazi za vitunguu. Na usifanye kila kitu kila siku! Manda zitengeneze nyingi siku moja, zifunge vizuri kwenye nailoni ziweke friji, nyama ipike siku hiyo jioni, ikishapoa iingie friji ilale humo iwe ya baridi kabisa, maana nyama ya moto au yenye maji inalowesha manda zinachanika unaanza kulaumu unga. Kesho yake ni kukunja tu, na kukunja unaweza hata ukiwa sebuleni unaangalia tamthilia.

Keki pia, oka jioni kabla ya siku ya oda, ipoe, funga nailoni, friji. Leya ikiwa ya baridi inakatika bila makombo na krimu inakaa. Kwa joto lenu la Dar kupamba keki ambayo bado ina uvuguvugu ni kujitafutia presha. Halafu oveni ikishapata moto oka zote kwa mpigo, kama ni ya umeme unajua mwenyewe LUKU. Yuniti 75 kwa mwezi ndo mpaka wa ile tarifu ya chini, bei nafuu ya wanaotumia umeme kidogo, ukishahamishwa elfu kumi inakupa yuniti kama 28 wakati mwanzo ulikuwa unapata themanini na kitu. Kuoka keki mojamoja kila siku unalipia kuipasha oveni tu.

mchoraji_mwz

Bi keki kamaliza upande wa jiko, mimi niongezee simu, maana mimi sipiki, nadizaini mabango na kadi za harusi hapa Mwanza chumbani kwangu, na kilichokuwa kinanimaliza sio watu wa mlangoni, ni "mambo, bei gani?" Mtu anakuuliza bei, unajibu, anakaa kimya, baada ya saa moja anaandika "sawa". Sasa hiyo sawa ndo nini?

Tafuta laini ya pili iwe ya biashara, weka WhatsApp Business, ni ya bure na inakaa simu moja na hii ya kawaida mradi namba ni mbili tofauti. Ina sehemu ya katalogi, weka picha na bei humo ziwe zinajieleza, ina majibu ya kuhifadhi unabonyeza tu, na unaweka saa zako za kazi, mtu akiandika nje ya hizo saa inamjibu yenyewe. Mimi yangu inasema oda za kesho zinafungwa saa kumi jioni. Wa kwanza walinuna, sasa hivi wananitumia saa tisa na nusu wakikimbizana. Wakati nafanya kazi ya kichwa hiyo laini naiweka kimya kabisa naipitia nikimaliza.

Na advansi dada, nusu, kabla hujagusa unga. Chukua lipa namba ili hela ya biashara isichanganyike na ya wifi anayekukopa, jioni ukitaka hesabu huanzi kuchambua meseji za miamala moja moja. Oda ambayo haijalipiwa mimi siihesabu kama oda, ni salamu.

mama_mahamri_mombasa

Salaam alaikum. Nawasoma tu nacheka, kumbe Dar na Mombasa mama mkwe ni mmoja.

Mwanangu usimfukuze wala usimwambie maneno, huyo ni mtu mzima. Mpe kazi. Wallahi mimi wangu alipokuja nikamwambia mama, mie sijui kukunja sambusa pembe zikafungika vizuri zisinywe mafuta, hebu nionyeshe. Ee! Alikaa hapo kitako akakunja trei zima akinisuta vidole vyangu ni vizito. Kutoka siku hiyo akija mtu mlangoni ni yeye anasema "mwacheni, tuna oda". Tuna! Na huyo jirani mimi ningemrudisha kwa upole, akimleta mtoto mwambie leo nna oda ya mtu nishachukua pesa yake, kesho saa nane mlete. Usiseme niko bize, bize kila mtu yuko. Sema nimechukua pesa ya mtu, hilo wanaliogopa.

Wa mizigo ya boda aambiwe na kaka yake, si wewe. Mume naye afanye kazi yake.

Na Ramadhani usisubiri mwezi uandame. Sambusa mbichi watu hujaza friza wiki mbili tatu kabla, ukianza kuchukua oda mwezi wenyewe umeingia hulali.

mama_manda, Tabata

Jamani nimecheka hapo kwa "tuna oda" mpaka mama mkwe kauliza nini. Kesho namwekea trei, nione kama wa Tanga na wa Mombasa ni mmoja kweli. Na laini ya pili ninayo imekaa tu droo.

Swali la mwisho, hizi za kutengeneza nyingi kwa mpigo naziogopa sababu ya umeme. Ukikatika na friza imejaa nyama za watu nafanyaje?

bi_keki_arusha

Friza iliyojaa ndo inavumilia zaidi kuliko tupu. Usifungue mlango tu, hata kuchungulia. Ikiwa imejaa vizuri inashika baridi kama siku mbili, ikiwa nusu siku moja. Kama yako ina nafasi jaza chupa za maji zigande, zitakusaidia kushika baridi. Umeme ukirudi zikague, zenye barafu bado ndani rudisha zigande, ubora utapungua kidogo lakini ni salama. Zilizoyeyuka zikawa laini ila bado za baridi kama zimetoka friji, kaanga siku hiyohiyo uza za moto hapo nje jioni, usizigandishe tena. Zilizopata joto tupa, nyama ya kusaga haina msamaha.

mzee_wa_frem

Hizo za moto jioni uziuze wapi sasa kama huna frem?

mama_mahamri_mombasa

Mlangoni kwake baba. Kwani hao wanaopiga hodi kutwa hawali?