Kubadilisha diski ya kuwashia seva ya nyumbani bila kusakinisha mfumo upya

Kibatari:
Ndugu zangu, habari za leo. Seva yangu ya nyumbani inatumia Debian 12 kwenye SSD ya GB 120. Juma lililopita niliikagua kwa smartctl (programu ya kupima afya ya diski) nikakuta sekta zilizohamishwa, yaani sehemu mbovu zilizobadilishwa kwa za akiba, ni 14, na jana zimefika 31. Nimekwisha kununua SSD ya GB 500. Picha za familia ziko kwenye diski nyingine, kwa hiyo sihofii data; ninachohofia ni mipangilio ya Samba (ya kushiriki faili kwenye mtandao), kontena za Docker (programu zinazoendeshwa kila moja kivyake) na kazi za cron (zinazojiendesha kwa ratiba) ambazo sikumbuki hata niliziandika lini. Je, mfumo unaweza kuhamishwa kama ulivyo?

FundiWaUani:
Unaweza, ila usinakili mfumo ukiwa unafanya kazi, kwa kuwa faili hubadilika huku zikinakiliwa. Washa mashine kwa flashi yenye Linux. Diski ikiwa nzima mimi hutumia Clonezilla, programu ya kunakili diski, lakini yako imeanza kufa, hivyo tumia ddrescue, ambayo huruka sehemu mbovu, huokoa kwanza zilizo nzima, kisha hurudi kujaribu zilizobaki. Faili yake ya ramani, inayorekodi yaliyokwisha kunakiliwa, iweke kwenye flashi ya pili, ili umeme ukikatika uendelee pale ulipoishia. Kabla ya kubonyeza Enter, soma namba tambulishi (serial) za diski zote mbili kwa `lsblk -o NAME,SIZE,MODEL,SERIAL`, maana ukikosea ipi ni chanzo na ipi inapokea, utaandika utupu juu ya mfumo wako.

MamaSeva:
Naongezea jambo lililowahi kunitesa. Ukimaliza kunakili, chomoa diski ya zamani kabla ya kuwasha, kwa sababu patisheni (sehemu) za zote mbili zitakuwa na UUID, yaani vitambulisho, vilevile, na /etc/fstab, faili inayoorodhesha patisheni za kufunguliwa, huzitaja kwa UUID. Mimi niliziacha zote ndani, nikafanya kazi siku tatu nikidhani niko kwenye diski mpya, hadi `df -h` iliponionyesha ukubwa ule ule wa zamani.

Kuhusu nafasi iliyoongezeka, nakala ya jedwali la GPT (orodha ya patisheni za diski) hukaa mwisho wa diski, na sasa itakuwa imebaki katikati. Amri ya `sgdisk -e` huisogeza mahali pake. Halafu angalia mpangilio wako: mara nyingi Debian huweka swap (nafasi ya diski inayosaidia RAM) nyuma ya patisheni ya mfumo, na hapo growpart, amri ya kupanua patisheni, haitakuwa na pa kupanulia. Zima swap, iondoe pia kwenye fstab, futa patisheni yake, panua ya mfumo, endesha resize2fs ili mfumo wa faili ujaze nafasi hiyo (ule wa aina ya ext4 hupanuka hata ukiwa unatumika), kisha tengeneza swap ya faili.

Kibatari:
Nimenakili, na ddrescue imeshindwa kusoma baiti 4096 tu. Tatizo ni kwamba nilipochomoa ya zamani, mashine inasema haioni kifaa cha kuwashia.

FundiWaUani:
Baadhi ya UEFI (programu ya ubao mama inayoanza mashine inapowashwa) hufuta ingizo la kuwashia pale diski inapotoweka. Washa flashi ya kusakinishia Debian, ingia hali ya uokoaji, chagua kusakinisha upya GRUB, programu inayoanzisha Linux, kisha ukubali kuiweka pia kwenye njia ya vifaa vya kuchomolewa, yaani EFI/BOOT/BOOTX64.EFI, ambayo UEFI huitafuta hata isipokuwa na ingizo lolote.

Kibatari:
Imewaka, na kontena zote zimeamka. Nimeendesha debsums, inayolinganisha faili za vifurushi na alama zake za asili, ili kujua zile baiti 4096 zilikuwa za nani. Imelalamikia faili moja ya man (mwongozo wa amri), nami nimekisakinisha upya kifurushi chake.